Dirisha la Mashariki

Antananarivo, 9 Mei 1988

Kwako dada yangu Baovola,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Ratovo, za mke wangu Hanta, na za mtoto wetu aliyeota meno mawili na anayeniuma kidole kama ana kesi na mimi. Huku wazima. Baridi imeingia mapema na kila nyumba imejaza makaa. Natumaini mpunga mlivuna salama, na kwamba yule nguruwe wako mkorofi bado hajachinjwa kwa hasira. Nisalimie baba sana. Mwambie koti alilonipa bado nalivaa, ingawa mikono yake inaishia kwenye viwiko.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Dada, nataka ufanye mambo mawili katika nyumba ya baba. La kwanza, yale masizi yanayoning'inia juu ya meko, yafagie. Najua, najua. Usiichane barua kwanza. Masizi yakishika moto hayaungui taratibu kama gogo. Yanadondoka yakiwaka, na juu yake kuna uchaga wa kuni kavu, na juu ya uchaga kuna nyasi za paa. Na meko yetu yako ghorofani, baba analala hapohapo kando yake.

La pili, lile dirisha la mashariki lililopigiliwa misumari tangu mama afariki, lifungue. Nyumba ina mlango mmoja tu chini na ngazi moja ya mbao. Madirisha ya magharibi yana nondo kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. La mashariki ndilo pekee lisilo na nondo, na kwa kuwa nyumba imeegemea mlima, kutoka pale mpaka chini hakuzidi kimo cha mtu.

Usiniulize kwa nini nimeyafikiria haya sasa. Fanya tu.

Ni mimi mdogo wako,
Ratovo


Ambohitrosy, 2 Juni 1988

Kwako Ratovo, mdogo wangu uliyegeuka bwana mkubwa,

Salamu. Mimi mzima, nguruwe mzima, mpunga tulivuna magunia ya kutosha na panya wakachukua fungu lao. Barua yako imechelewa kwa sababu dereva Zefa aliiweka ndani ya kofia akaisahau, mpaka mkewe alipoifua kofia. Herufi nyingine nimezisoma kwa kukisia. Baba hajambo. Anakula.

Kuhusu masizi, umekunywa nini huko mjini? Masizi yale ni ya babu yake babu. Mgeni akiingia akaangalia juu akaona dari jeupe atasema hawa watu wamehamia juzi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijisifu kwa watoto wa jirani yetu Ikala kwamba masizi yetu ni marefu kuliko yao. Leo unaniambia nichukue ufagio nifagie jina la ukoo!

Na dirisha la mashariki unajua nani hupita pale. Wa mwisho kupita alikuwa mama, na alikuwa amebebwa. Katika nyumba hii aliye hai hutokea magharibi. Hata kuku wanajua.

Ukitaka kutusaidia tutumie blanketi nzito, maana la baba limeanza kutoboka. Halafu mshukuru Zefa kwa niaba yangu ukikutana naye stendi, aliniletea kufuli nzuri kutoka Ambositra, ya chuma kitupu.

Dada yako,
Baovola


Antananarivo, 20 Juni 1988

Dada Baovola,

Salamu. Sisi wazima. Hanta anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya kikohozi ilimfaa baba. Blanketi nimempa Zefa, na safari hii nimemwambia asiliweke ndani ya kofia.

Kufuli ya nini?

Mlango wetu una komeo la mti tangu baba aujenge. Hakuna mwizi aliyewahi kuingia nyumbani, wanachotaka wao ni ng'ombe, na ng'ombe hatuna tena. Kwa hiyo naomba unieleze, kufuli imefungwa upande gani wa mlango, na ufunguo unakaa wapi.

Wewe unaniona natisha watu. Dada, mimi kazi yangu ya zimamoto ni kuingia nyumba za watu baada ya kila kitu kuharibika. Karibu zote zilikuwa na njia ya pili ya kutokea ambayo mtu aliiziba kwa sababu nzuri kabisa. Kabati. Magunia. Misumari. Moshi hauulizi sababu. Unajaa kwanza juu, unashuka, na anayesimama wima ndiye anayeanguka wa kwanza. Anayetambaa pua ikiwa karibu na sakafu anapata dakika chache. Hizo dakika hazina maana kama hana pa kutambalia.

Weka mtungi wa maji karibu na meko, usiwe wa kunywa. Ondoa kuni kwenye uchaga, zikae chini kwenye banda la nguruwe, na nguruwe akizila ni shauri lake. Na unijibu kuhusu kufuli.

Ratovo


Ambohitrosy, 30 Julai 1988

Ratovo,

Salamu kutoka kwenye baridi. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Blanketi limefika, asante, Mungu akuzidishie. Baba hajambo. Juzi ameniita kwa jina la mama, nikaitika, kwa sababu alikuwa anataka chumvi tu na chumvi haina ugomvi.

Ukoo wa Ikala hapo jirani walifungua kaburi lao wiki iliyopita, wakawatoa wafu wao na kuwavisha sanda mpya. Tulikwenda sote. Ungemwona baba! Mtu asiyekumbuka kama amekula alisimama juu ya kaburi akawaita wafu wa watu mmoja mmoja kwa majina yao, "Amka, tumekuja kukuchukua, watoto wako wamefika!" na hakukosea hata jina moja. Akacheza ngoma mpaka nikamkamata nimkalishe. Watu wakamwangalia baba wakasema Rainibao hana ugonjwa wowote. Nikamfuta jasho.

Mkono wangu unaendelea kupona, kwa hiyo mwandiko umepinda, nivumilie.

Nimesoma mahubiri yako yote. Nakuuliza na mimi. Mbona siku hizi husemi habari za kazi? Zamani kila barua ilikuwa ngazi ile, ngazi hii, nimepanda ghorofa ya tatu, nimemshusha mama mnene kwa kamba. Sasa ni masizi yangu tu. Na utakuja lini? Mara ya mwisho umekanyaga hapa ni mazishi ya mama, ni miaka minne. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu.

Baovola


Antananarivo, 11 Agosti 1988

Dada,

Salamu kwa wote.

Mkono umefanya nini?

Kufuli ni ya nini?

Nina maswali hayo mawili tu. Sitaandika kingine mpaka uyajibu.

Ratovo


Ambohitrosy, 4 Septemba 1988

Ratovo,

Salamu. Natumaini mtoto anaendelea kuota meno, na Hanta mzima.

Umeshinda. Keti kwanza.

Mwezi wa nne baba alipotea. Nilikuwa mashambani, nikarudi nikakuta mlango wazi. Tulimtafuta mpaka jua linatua, nikamkuta kwenye kaburi letu kule juu, anakwaruza mlango wa jiwe kwa kucha. Vidole vyote damu. Ananiambia, "Mama yako amejifungia ndani, hataki kunifungulia." Nikamrudisha mgongoni kama mtoto. Wiki mbili baadaye alikuwa mtoni, maji yamefika kifuani, na Ikala ndiye aliyemtoa. Ndipo nikamwagiza Zefa kufuli. Naifunga upande wa nje ninapokwenda shambani, na ufunguo naufunga kwenye upindo wa shuka yangu. Hapo sasa. Ulitaka kujua, umejua.

Mkono ni hivi. Mwezi wa saba nilirudi nikamkuta amevuta kijinga cha moto kitandani kwake, anasema anapasha miguu ya mama. Blanketi la zamani ndivyo lilivyomalizika. Nilikizima kwa mkono kwa sababu mtungi wa maji ulikuwa mtupu. Ndiyo, uliniandikia kuhusu mtungi, usiniambie.

Usidhani sijui ninachofanya. Kila siku nikiwa shambani nakata jani moja la mpunga naangalia paa, nakata jani la pili naangalia paa. Unataka nifanye nini? Nikimwacha wazi, mto. Nikimfungia, moto. Wewe mwenye elimu ya moto niambie, nichague kipi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimechoka, Ratovo. Nampenda na nimechoka, na kuna siku namchukia kwa saa nzima halafu nalia.

Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Binti anayemfungia baba yake kama mbuzi.

Baovola


Antananarivo, 19 Septemba 1988

Dada yangu mpendwa,

Hakuna aibu. Aibu ni yangu.

Nitakuambia nilichokataa kukuambia. Mwezi wa nne, mchana kweupe, tuliitwa kwenye nyumba moja huku mjini. Tulipofika, mwanamke mmoja alikuwa barabarani na kikapu cha mboga, anapiga kelele ameshika ufunguo. Alikuwa amekwenda sokoni, akamfungia mama yake, kwa sababu yule mama alikuwa kama baba. Mimi ndiye niliyevunja mlango. Haukufunguka sawasawa kwa kuwa kulikuwa na kitu nyuma yake. Kilichokuwa nyuma yake ndicho unachokifikiria. Kikongwe alikuwa mdogo kama mtoto wa miaka kumi. Alikuwa amefika mlangoni, dada. Angekuwa na komeo la mti angelifungua.

Kwa hiyo ulipoandika neno kufuli nilisoma barua yote na sikuona neno lingine.

Sasa nisikilize, sikulaumu, nakupangia. Kufuli iondoe. Komeo lihamishe juu ya mlango kwa ndani, juu kabisa, mtu wa mawazo kama ya baba huwa haangalii juu. Na hapo mlangoni ning'iniza kengele ya ng'ombe wetu wa zamani, isikike shambani. Mwombe Ikala akae naye siku zako za shamba, nawe umlimie siku zake. Uchaga wa kuni utoe. Masizi yafagie, muombe ruhusa babu kama inabidi, lakini yafagie. Misumari ya dirisha la mashariki ing'oe, weka kulabu moja nyepesi, na kamba ya kulabu uipitishe nje ili hata mtu aliye nje aweze kulifungua. Ukikuta moshi umejaa ngazini usipande. Nakuapisha. Watu wengi wanaokufa ni wale waliorudi kumfuata mtu. Zunguka nyuma.

Na mfundishe baba kutambaa. Unakumbuka mchezo wake wa kalunguyeye, yule mnyama wa miiba, alivyotutambaza chini ya meza tumbo likigusa sakafu, akisema anayeinua kichwa analiwa na mbwa? Cheza naye huo. Mwili unakumbuka vitu ambavyo kichwa kimesahau.

Naja mwezi wa kumi. Nitakaa naye mwezi mzima, wewe ulale.

Ratovo


Ambohitrosy, 10 Oktoba 1988

Ratovo,

Salamu, na asante kwa barua. Nimeisoma mara nyingi hadi imechanika kwenye kunjo. Nilimlilia yule mama wa mjini kama ni wa kwetu.

Nimeyafanya, karibu yote. Kuhusu masizi, kwanza nilisimama kwenye kona ya kaskazini mashariki, kona ya mababu, nikamwaga tone la pombe ya miwa, nikasema, "Babu, samahani, si mimi, ni mjukuu wako wa mjini." Halafu nikafagia. Nilikohoa siku mbili. Sikuyatupa, nimeyatia kwenye chungu, kwa hiyo akija mgeni namwonyesha chungu. Kengele ya ng'ombe imetundikwa. Komeo liko juu na baba hajaligundua. Ikala anakaa naye siku zangu, wanabishana kuhusu ng'ombe waliokufa zamani, wote wawili wanafurahi. Kufuli naitumia kufungia banda la nguruwe, ambaye anastahili.

Kalunguyeye ameweza siku ya kwanza! Nikisema tu "Mbwa huyo!" baba anashuka sakafuni na kutambaa, ananicheka mimi kwamba matako yangu yako juu.

Shida ni dirisha. Nimeling'oa misumari, linafunguka vizuri, kamba iko nje. Nikamwambia, "Haya baba, leo tutokee hapa, tuone bustani." Akaangalia dirisha, akaniangalia mimi. Akakaa chini. Akaniambia kwa sauti ile ya zamani ya kutuchapa, "Baovola, mimi bado niko hai." Jina langu alilipata siku hiyo. Nimejaribu siku tatu, kwa asali, kwa ugoro, kwa kumsukuma. Anashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na nguvu anazo. Nikamuuliza, "Je, nyumba ikiungua?" Akasema, "Nitatoka magharibi kama mtu."

Kwa hiyo njia ipo na mpita njia hataki. Wewe alikuwa akikusikiliza zaidi yangu. Njoo umshawishi. Mvua ikidondoka tu tunapandikiza mpunga, na hapo Ikala hatakuwa wangu, atakuwa wa shamba lake.

Uchaga wa kuni nitautoa nikipata siku.

Dada yako,
Baovola


Antananarivo, 25 Oktoba 1988

Dada Baovola,

Salamu sana. Mtoto alikuwa na homa lakini amepona. Nimefurahi, umefanya kazi kubwa, hata wakubwa wangu hapa wangekupigia makofi.

Kuhusu kuja, mambo yamekuwa magumu kidogo. Likizo imesogezwa mbele, huu ni msimu wa kuchoma milima na kikosi hakiruhusu watu kuondoka. Huenda mwezi wa kumi na mbili. Vumilia kidogo. Uchaga utoe, tafadhali. Cheche moja ya mlimani ikitua kwenye nyasi kavu inatosha.

Mdogo wako,
Ratovo


Ambohitrosy, 6 Novemba 1988

Ratovo,

Salamu. Tuko kwa Ikala. Sote wazima, nalitanguliza hilo ili uweze kusoma mengine.

Barua yako ya kusema huji ilinifikia Jumanne. Usiku huo mvua ikanyesha. Alhamisi kwa mwiko wetu shamba haliguswi, kwa hiyo kila mtu alitaka kupandikiza Jumatano, na Ikala naye. Nikasimama mlangoni asubuhi nikiwa na miche kichwani inayokauka. Baba alikuwa anacheza na komeo, ameligundua. Nikaenda bandani nikamvua nguruwe kufuli. Nilijisemea ni mara moja tu. Nilikuwa na hasira na wewe, nakuambia wazi, nilipoufunga mlango ule ni wewe niliyekuwa nakufungia.

Jua lilikuwa utosini. Nikainua macho, na moshi haukuwa ule wa kupenya kwenye nyasi kama kawaida, ulikuwa mnene wa njano. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tope, na fundo la upindo lililolowa likakataa kufunguka, nikalikata kwa meno. Nikafungua kufuli. Ngazi ilikuwa imejaa moshi mpaka chini, na juu nasikia kuni za uchaga zinaanguka zikiwaka. Ule uchaga ulioniandikia mara nne. Alikuwa amewasha moto mkubwa ampikie mama wali.

Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikakuona wewe unaniapisha. Nikautoa. Sijui nilivyoweza, Ratovo, kumpa baba mgongo na kukimbia kuelekea nje. Kwa hilo tu nitakuombea maisha yangu yote.

Nikazunguka nyuma, nikapanda mlima, nikavuta kamba. Dirisha likafunguka, moshi ukatoka, nikaita "Mbwa huyo! Mbwa huyo!" Nikamwona. Alikuwa sakafuni tayari, tumbo chini, kalunguyeye, amekuja mwenyewe mpaka chini ya dirisha kwa sababu hewa ilikuwa hapo. Nikanyoosha mikono. "Toka baba!" Akatikisa kichwa. Paa linawaka, Ratovo, nyasi zinadondoka nyuma yake, na ananitikisia kichwa! "Mimi bado niko hai, mwanangu. Hapa si pangu."

Nilimshika shati likachanika. Ikala akawa amefika nyuma yangu, anamwita, anamtukana, hasikii.

Basi nikasimama wima. Nikaita kama anavyoita yeye juu ya kaburi, kwa sauti yote niliyonayo. "Rainibao! Amka! Tumekuja kukuchukua! Watoto wako wamefika!"

Akanyanyua uso. "Nani amekufa?"

"Wewe, baba."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Akafikiri. Na moto unafikiri naye. "Mbona hamkuniambia?" Halafu akauliza taratibu, "Mama yenu yuko nje?"

Nikasema yuko nje.

Akalala chali. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho, akajikaza, kwa sababu maiti haijibebi. Ikala akaingiza nusu ya mwili ndani, mimi nikashika miguu, tukamtoa kupitia mashariki kwenye shuka yangu, jinsi alivyotolewa mama. Ni mwepesi sana, hukujua alivyopungua. Tulipomlaza mlimani paa likaingia ndani.

Wanaume walikuja na ndoo wakaziokoa nyumba za jirani. Wanasema kama masizi yangekuwepo paa lingeshuka kabla sijafika. Kuta zimesimama, nyeusi. Chungu cha masizi ya babu kimepona, Ikala amekiweka kwenye kona yake ya kaskazini mashariki na anajivuna nacho kama ni chake.

Sasa nakuambia lililo gumu. Nimemwambia baba yangu mzazi kwamba amekufa. Hakuna binti aliyewahi kutamka hivyo. Niliona ni lazima na bado usingizi umenikataa. Na yeye ameamini. Hatafuti kaburi tena, haendi mtoni, hana haja ya kufungiwa, amekaa ametulia kwa Ikala. Akikohoa anaomba radhi, anasema wafu hawakohoi. Akiletewa wali anashangaa mbona siku hizi wafu wanalishwa mara tatu.

Kila jioni anawahesabu waliokuja mazishini. Ikala yupo, Zefa yupo, mimi nipo. Halafu ananiuliza swali moja. "Ratovo mbona hajaja kunizika?"

Baovola


Antananarivo, 14 Novemba 1988

Dada yangu,

Salamu sitaandika ndefu. Zefa anasubiri nje na injini inawaka.

Likizo haikusogezwa. Sikuiomba. Tangu siku ya ule mlango sijapanda ngazi hata moja, miguu inakataa, wameniweka mezani nipokee simu. Watu wanapiga wanalia, nawaambia tambaeni, msirudi ndani, fungeni mlango nyuma yenu. Nawaambia vizuri sana. Nilishindwa kuja kwa sababu niliogopa kufika nyumbani nikakuta mlango wenye kufuli na kimya. Nikakuachia wewe hofu yangu uibebe pamoja na baba. Wewe huna deni la kuniombea. Uliushusha mguu wako kwenye ngazi. Mimi nimefanya kazi hii miaka tisa, na sijui kama ningeushusha.

Kesho naingia kwa mkuu wa kikosi, akikataa naacha kazi. Jumamosi nitakuwa hapo na Hanta na mtoto, si kwa mwezi mmoja. Nitaezeka paa kwa bati. Nitalitengeneza lile dirisha liwe pana, na wa kwanza kupita nitakuwa mimi, kutoka nje kuingia ndani, mtoto begani, baba akiwa ameketi anatazama. Atazame mara nyingi atakavyo mpaka akubali kwamba hata walio hai hupita hapo.

Akishindwa kukubali tutamlisha wali hivyohivyo.

Usimwambie kwamba uliongopa. Ukimpelekea chakula leo jioni na akiwahesabu tena watu wake, mjibu kwamba mwanawe yuko njiani kuja mazishini, amechelewa, anaomba asizikwe kabla hajafika.

Ratovo